Sikuona, Nilisikia

3 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umekupunguzia usumbufu. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo haijatulia.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu zetu amezichukua msimamizi wa nyumba hii ya kutunzia wazee huku ugenini. Anasema zinatuvurugia kazi. Wafanyakazi tunamwita Bwana Funguo, maana hutembea na tita la funguo kiunoni, kila mlango anaufunga yeye.

Juzi asubuhi nilikuwa stoo, nakunja mashuka. Nikasikia zile funguo zikilia juu ya ngazi. Kisha nikasikia sauti ya yule mzee fundi saa, anayependa kunitania kwamba nakunja shuka kama chapati: "Niache, unaniumiza!" Halafu kishindo. Nilipotoka, mzee alikuwa chini, kimya, na Bwana Funguo amesimama juu.

Mzee akapelekwa hospitali akiwa hajitambui, na polisi akaja. Bwana Funguo akaeleza, polisi akaandika. Kila polisi aliponitazama, mimi nilijibu "I see", kama wenzangu wa hapa wanavyojibu wanapoongea na mtu. Mwishowe nikaambiwa nitie sahihi, nikatia. Sasa Bwana Funguo ananitambulisha kwa wageni kama shahidi wake, kwamba mzee aliteleza mwenyewe. Jana nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba mimi sikuwa pale ngazini. Akatabasamu, akanishika bega, akasema, "I'll see to you." Nadhani amesema atakuja kuniona. Mbona basi tangu hapo nalala nimeegemeza kiti mlangoni?

Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo uko vilevile, achana nao. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Miaka yangu yote darasani niliwaimbisha watoto "I see a cat", naona paka, tukaishia hapo. Wenyewe wanalitumia neno hilo kwa mambo mengi. Mtu akisema "I see" katikati ya mazungumzo, anasema naelewa. Lakini polisi akikuuliza kama ulimwona mzee akiteleza, nawe ukajibu "I see", unadhani ataandika nini? Naogopa ameandika kwamba uliona. Umetia sahihi jambo ambalo macho yako hayakulishuhudia.

Na hilo la pili ndilo limeninyima usingizi. "See to" ni kushughulikia. Mtu hushughulikia mgonjwa, hushughulikia bomba linalovuja. Na mtu mwenye funguo zote akikushika bega na kukuambia atakushughulikia, hasemi atakuja kukujulia hali. Mwanangu, toka humo. Usimuage mtu. Nenda polisi mwenyewe, uombe mkalimani, useme ulichosikia, usiongeze na usipunguze.

Nijibu upesi.

Shangazi yako

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Hujambo kweli? Sijapata neno lako. Nilipiga simu hapo kazini kwenu, mwanamume akapokea kwa upole sana. Nikakuulizia. Akasema, "We don't see her much these days." Siku hizi hawakuoni sana. Kisha akaniuliza mimi ni nani na ninaishi wapi. Nilikata simu.

Baba yako nimemwambia una kazi nyingi.

Kama barua hii inasomwa na mtu mwingine, basi ajue binti huyu ana watu.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi, na mkono ni wangu. Pole kwa hofu niliyokutia.

Bwana Funguo alinihamishia chumba kilicho kando ya ofisi yake. Jioni anafunga kwa nje, asubuhi anafungua. "Kwa usalama wako," alisema. Barua zangu zilipitia kwake. Ile yako ya kwanza mpishi aliiwahi mezani, akaikalia kwa woga, hadi siku moja akanisukumia mkononi pamoja na sahani. Niliisomea chooni. Nilipofika kwenye "kushughulikia", nilikagua tena kama mlango nimeufunga.

Kesho yake nilitumwa kutupa takataka. Nikauacha mfuko pipani, nikaendelea kutembea. Sikukimbia, Shangazi, niliogopa mtu akikimbia anafukuzwa. Nilitembea hadi kituo cha polisi nikiwa na aproni.

Waliniletea mkalimani, mama mmoja anayejua Kiswahili. Nikasema, "Sikuona. Nilisikia." Polisi akauliza, "Mbona ulisema uliona?" Nikamwambia, "Nilitaka kusema naelewa. Na hata kuelewa sikuelewa." Nilidhani wananifunga. Akachukua karatasi nyingine, tukaanza upya.

Bwana Funguo walimkamata, kisha wakamwachia kwa dhamana. Kesi ni mwezi ujao, na nitasema yaleyale mbele yake. Nimehifadhiwa na binti wa yule mzee. Ana roho nzuri, lakini kila gari likipunguza mwendo nje, naondoka dirishani.

Jana alinipeleka hospitali. Mzee ameamka, ingawa maneno bado hayatoki. Binti yake alimweleza mimi ni nani na nimesema nini. Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni, nikamfuta. Mara mtu akabisha hodi. Mzee akashtuka, nami nikashtuka, akanikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Alikuwa muuguzi tu, kaleta dawa. Akatoka, mlango ukafungwa.

Mzee hakuniachia. Nami sikutaka aniachie. Tulikaa hivyo, wote wawili tukiutazama mlango.

Mwanao