Nani Alifunga Mupira wa Luc?

Butembo, tarehe 9 septemba 2002

Kwa mudogo wangu Rébecca, kule Beni,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Afya yako namuna gani? Ule mugongo ulikuwa unakusumbua, ulisha kupona? Siye huku tuko, Mungu anasaidia. Mutoto wangu Shekinah ana miezi saba, meno mbili inatoka, usingizi haiko. Naandika akiwa kwa mugongo, donc usicheke maandiko yangu.

Najua tangu tulizika Tata, baba yetu, hatujaandikiana, ni miaka mbili. Juu ya sanduku ya bifaa yake ya kutengenezea kinga, baiskeli za batu, njo tulinyamaza: alikuachia wewe. Leo hapana sanduku inanisukuma kuandika.

Luc bwana yangu alirudi siku ya posho, jumamosi, na kinga yake, ile baiskeli VTT ya mipira minene. Unajua kazi yake, anasukuma chumvi na sabuni mpaka Beni na Mbau, anarudisha mafuta ya mawese. Mupira wa nyuma ulikuwa mupya. Nikamuuliza, "Nani alikufungia?" Akasema, "Fundi moja tu, pale Beni."

Nikainama kuangalia. Maandiko ya mupira ilikuwa inaangaliana na valve, sawasawa. Nikapitisha mukono: chambre ya ndani, ile inashika upepo, haikujikunja fasi hata moja. Rébecca, mafundi ya barabarani banafungaka mbio mbio, maandiko inaanguka fasi inapenda. Batu batatu tu njo banafungaka vile, ili ukipata tundu kwenye chambre ujue fasi gani kwenye mupira utatafuta mwiba. Tata, wewe, na mimi. Tata alisha kufa. Mimi nilikuwa hapa nanyonyesha.

Bwana yangu alikuwa anafanya nini kwako? Na juu ya nini unaitwa "fundi moja tu"?

Ni mimi yaya wako,
Mama Shekinah


Beni, 17 septemba 2002

Yaya,

Wasingya, asante juu ya barua. Mimi niko muzima. Mugongo ulipona mwaka jana. Kama ungeuliza mwaka jana, ungejua. Umushikie Shekinah shavu, ile sijaona bado.

Miaka mbili huniulize kama nakula, leo unaniandikia juu ya mupira. Muzuri. Ndiyo, ni kwangu. Luc alipasuka mupira karibu na soko, batu bakamuonyesha kwangu, juu mu Beni nzima fundi mwanamuke ni moja. Ulitaka nimufukuze? Nikamupa kiti, nikamupa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakula, akaenda. Mara moja tu. Kama anaficha jina yangu, uulize yeye. Pengine anakuogopa. Hata mimi nilikuwaka nakuogopa.

Na ule mupira wa zamani ulikuwa umeisha, nyuzi zinaonekana. Bibi mwenye anapenda bwana yake anaangaliaka mipira mbele ya safari.

Mudogo wako,
Beka


Butembo, 26 septemba 2002

Kwa mudogo wangu,

Nashukuru Mungu juu ya mugongo wako. Huku Shekinah alipata homa, ikapita. Mimi nasimama tu.

"Mara moja tu," uliandika. Juzi nilikuwa nafua shati ya Luc, nikamuuliza bila kumuangalia, "Na sombe ya Beka, anatiaka bado pilipili mingi?" Akajibu mbio, "Ah, siku hizi amepunguza!" Siku hizi, Beka. Mutu mwenye alikula mara moja hasemi siku hizi. Nikakamua ile shati mpaka vifungo vikalia, akasema mwenyewe: mara ine.

Na juu ya mipira, usinifundishe. Mimi njo namuchaguliaka. Nafika soko, nasoma namba pembeni: kinga ya Luc ni 26, hapana 28 ya zile kinga ndefu ya bazee. Nakunja mupira katikati ya mikono. Nikiona mistari ya kupasuka, namurudishia mwenye duka. Kwa nyuma nachagua meno marefu yenye kuachana, ili matope ya Mbau itoke yenyewe. Kwa mbele meno mafupi. Ule uliutoa, niliuchagua nikiwa na mimba ya miezi munane, nimesimama ndani ya jua. Uliisha juu njia ni mubaya, hapana juu mapendo inakosa.

Sasa sikia. Usiguse tena kinga ya Luc. Akikuya, ufunge mulango. Ile kiti ukalie wewe mwenyewe. Nasema bila kelele, juu mutoto amelala.

Yaya wako,
Mama Shekinah


Beni, 8 oktoba 2002

Yaya Bénite,

Nimefurahi homa ya mutoto ilipita. Huku tuko, mvua imeanza.

Nilikudanganya. Ilikuwa mara ine.

Siku ya kwanza mupira ulipasuka kweli. Rafiki yake Jéthro, mwenye banasukuma pamoja, akasimama pale anacheka: "Luc, tungoje bibi yako atoke Butembo na mutoto mugongoni akufungie!" Bote bakacheka. Luc hakucheka. Kesho yake akarudi peke yake. "Beka, unifundishe. Bénite anachoka. Anatoka soko, ananyonyesha, kisha anainama tena kwenye kinga yangu." Akanikataza kusema mpaka atajua vizuri. Donc ule mupira uliangalia, mukono ni wake. Siku ya pili na ya tatu ulimukatalia, akanivunjia bijiko mbili ya kutolea mupira, za Tata. Siku ya ine ukakubali.

Hiyo ni ya Luc. Yangu ni hii. Wakati alikuwa anakaa pale, matope kwenye magoti, anasema tu Bénite hapa, Bénite pale, nilisikia wivu. Hapana juu yake. Juu yako. Hakuna mutu anatajaka jina yangu vile. Siku moja niliongeza nyama ndani ya sombe ili akae kidogo. Akakaa kidogo. Njo yote. Nilipaswa kukuambia mimi mwenyewe, mbele unikamate.

Nitafunga mulango.

Mudogo wako,
Beka


Butembo, 20 oktoba 2002

Beka,

Salamu. Nyumba ni nzima, Shekinah anakaa peke yake sasa, anaanguka kwa pembeni na kucheka. Barua yako nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nachagua maharagi, nikatupa mazuri nikabakiza mawe.

Ningefurahi. Bwana yangu anajifunza ili nipumzike. Lakini alirudi juzi, akapindua kinga mwenyewe pale uwanjani, akatoa mupira, akaurudisha, akaniangalia kama mutoto amepata diplome. Nikasema, "Muzuri." Kisha nikaenda kulia jikoni. Unajua juu ya nini? Ile saa ya kumufungia mupira njo ilikuwa saa moja tu yenye Luc anakaa karibu yangu bila kukimbia. Mimi nakaza, yeye anashika jante, ile duara ya chuma, ananielezea njia. Sasa ile saa ni wewe uliipata. Mara ine.

Na ile nyama. Uliandika kweli, nakushukuru, lakini siwezi kufanya kama sikusoma. Mulango ubaki vile. Hata Luc nilimuambia: siku utakanyaga kwa Beka, nakamata mutoto naenda kwa baba mudogo kule Luofu, na hautanifwata.

Kasimu, yule chauffeur wa gari mwenye analetaka barua zetu, anakuletea kilo mbili ya maharagi. Hapana juu nimesamehe. Juu najua kwako mvua ikinyesha bateja habakuye.

Yaya wako,
Mama Shekinah


Beni, 11 desemba 2002

Yaya Bénite,

Luc ni muzima. Anza na hiyo, kisha ukae chini, kisha usome.

Juma iliyopita alikuya, mupira wa nyuma umepasuka pembeni. Alisimama ngambo ya barabara, hakuvuka. Akapaza sauti, "Beka, unichagulie tu, sitaingia!" Nikamujibu, "Hapana. Yaya alikataza." Nikafunga mulango mbele ya bateja. Akaenda kununua peke yake. Kufunga anajua, kuchagua, hakuna mutu alimufundisha. Akachukua mupira laini, bila meno, juu ulikuwa unang'aa.

Njia ya Mbau imejaa batu banakimbia vita ya kule Mambasa, na magodoro, na mbuzi, na mvua haiachi. Kwenye mutelemuko muzigo wa mafuta ulimusukuma, mupira ukateleza kama sabuni. Muguu wake umevunjika chini ya goti. Analala ndani ya kanisa pale Mbau, kati ya bakimbizi. Infirmier, muganga wa pale, alimufungia mbao, anasema apelekwe hospitali huku Beni mbele ya muguu kuharibika. Magari haipite, matope inafika kwa milango. Ni kinga tu: unaketisha mutu juu, unasukuma polepole. Na banaume bamejificha bote, juu basoda, askari ya vita, banabakamata bababebee mizigo. Banawake tu njo banapita.

Jéthro njo aliniletea habari, nikamutuma tena, alijificha njiani mpaka akafika, aseme nakuya. Luc akakataa. "Bénite atanikimbia. Beka akifika bila maandiko ya Bénite, sipande." Jéthro akamuambia, "We ni mupumbavu na muguu moja." Akajibu, "Afazali muguu moja na bibi."

Niko na mikono, niko na kinga. Mipira yangu ni laini, na hapa maduka imefungwa. Kasimu anashuka kwenu sasa, kesho anapanda tena. Nangoja neno yako.

Mudogo wako,
Beka


Butembo, 12 desemba 2002

Beka mudogo wangu,

Sikuulizi afya. Kula vizuri mbele ya kutoka.

Kasimu anakupa mipira mbili, 26. Luc alisha kuniambia kinga yako ni 26 pia. Ile siku nilimukasirikia juu anajua, leo namushukuru. Meno marefu kwa nyuma. Nilimuamsha mwenye duka, nilikunja yote mbili, haina mistari. Usifunge mbio. Uangalie mushale pembeni, uende mbele, juu meno yakigeuka matope inabaki ndani. Upepo usijaze mpaka mwisho. Ubonyeze, dole iingie kidogo tu.

Ningekuya mimi. Shekinah anaharisha tangu jana, siwezi kumuingiza ndani ya ile mvua, siwezi kumuacha. Niliwaza kutuma mutu mwingine. Nilipata hata jina: yule mama wa chorale ya kanisa, mwenye mikono kama mwanaume. Angekubali. Nilikaa na ile jina saa nzima, na wewe uko pale na Mbau iko karibu. Nikasikia haya.

Wivu haijaisha, usijidanganye. Najua mukono wako utapita kwa kiuno yake asianguke. Najua mutakuwa munasema njia nzima, na atakuchekesha, juu akisikia uchungu anafanyaka mizaha. Nililia yote asubui, nikamaliza. Mushike. Kwenye mutelemuko mushike sana, ukae upande wa muguu muzima. Ukichoka upumzike, hata mara kumi.

Haya ya chini umusomee kwa sauti, bakimbizi bote basikie, asiseme ni wewe uliandika:

"Luc, baba Shekinah. Ni mimi Bénite, bibi yako. Luofu siendi. Panda kinga ya mudogo wangu."

Akiuliza kama nimekasirika, sema ndiyo. Kisha umusukume.

Yaya wako,
Bénite