Uliiona kwa Simu Gani?

Kangemi, 8 Februari 2025

Kwako Masila,

Bwana asifiwe. Natumai uko mzima na kile kifua kimekuachilia. Sisi tuko salama, ila mafua yamewazungukia watoto.

Usishangae kupata barua kutoka kwangu. Tangu ile familia ya Kitisuru ihame na kazi yangu ya nyumba iishe, nimejiunga na darasa la kompyuta hapa kanisani. Mwalimu wetu, Odhiambo, anatufundisha kutengeneza kurasa za intaneti: HTML ya kuweka maneno na picha, CSS ya kuvipanga na kuvipamba. Anasema tuandikiane barua pepe badala ya kupiga simu, vidole vizoee kibodi. Basi mimi najizoeza kwako.

Kila mmoja wetu ametakiwa atafute mtu anayeijua kazi hii amkosoe. Wenzangu wanahangaika. Mimi nilisema, "Ndugu yangu ndiyo kazi yake, ofisi yake iko katikati ya jiji." Darasa zima liligeuka kuniangalia, nikajisikia mtu.

Linki iko hapo chini. Ni ukurasa kuhusu kuku wa mama. Niambie ukweli, usinionee haya.

Dadako,
Kaindi

*

Nairobi, 10 Februari 2025

Dada Kaindi,

Salama sana, kifua kimepona. Pole kwa mafua ya watoto. Kazi ni nyingi huku, sipumui.

Nimeiona kazi yako. Nzuri sana! Rangi zimenipendeza. Endelea hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Masila

*

Kangemi, 1 Machi 2025

Mpendwa Masila,

Habari za siku? Watoto wamepona, wanakusalimu. Barua yako niliisoma darasani kwa sauti.

Sasa kuna jambo kubwa. Madam Veronicah, yule mwenye shule ya chekechea karibu na kwetu, amekubali tumtengenezee ukurasa wa shule. Tuko wawili, mimi na Nanyama. Nanyama ni jirani yangu, anafulia watu nguo, na ndiye tunayekaa naye kompyuta moja darasani. Tukifanya vizuri, Veronicah atatupa kazi ya kuutunza, na amesema anawajua wenye shule wengine wanaotafuta watu. Ataufungua mbele ya wazazi kwenye mkutano wa tarehe kumi na tano.

Nina swali. Nanyama anasema akiufungua kwa simu yake, maneno yanatoka nje ya kioo, na hayo meupe juu ya rangi ya njano hayasomeki. Kwa kompyuta ya kanisa mimi naona uko sawa. Je, ni simu yake mbovu ama ni sisi tumekosea? Tafadhali uangalie vizuri kabla ya huo mkutano. Linki hii hapa.

Dadako,
Kaindi

*

Nairobi, 3 Machi 2025

Dada,

Nashukuru mko wazima. Niko mbioni, nisamehe kwa ufupi.

Nimeiangalia, iko sawa kabisa. Mwambie Nanyama asiwe na wasiwasi. Hongereni nyote wawili.

Mdogo wako,
Masila

*

Nairobi, 22 Machi 2025

Dada Kaindi,

U hali gani? Nimepiga simu hushiki. Mkutano wa wazazi ulikwendaje? Mama ameniuliza habari zako. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Masila

*

Kangemi, 24 Machi 2025

Kwako Masila,

Hatujambo. Nisamehe kwa kutoshika simu.

Mkutano ulikuwa na watu wengi. Veronicah alisimama akawaambia wazazi, "Hawa ni mama wa hapa hapa kwetu, wametutengenezea ukurasa. Fungueni simu zenu." Wakafungua wote kwa pamoja. Picha ya lango la shule ilijaa kioo chote, mtu hakuona kingine. Wengine walikuwa wanasukuma kidole kushoto na kulia kutafuta maneno. Baba mmoja alibonyeza pale tulipoandika "Tupigie", simu haikwenda popote. Kuna mtu alicheka, halafu wakacheka wengi. Hawakuwa na ubaya, Masila, ilikuwa inachekesha.

Veronicah hakutugombeza. Alisema tu, "Asanteni kina mama, tutatafuta fundi."

Nanyama alisimama pale pale akaniambia, "Si nilikuambia? Nikakuonyesha kwa macho yako. Wewe ukasema ndugu yako wa ofisini ameona. Wewe ni muongo, Kaindi. Hakuna mtu aliona." Alikuwa ameacha nguo za watu siku nyingi kwa ajili ya ule ukurasa, na wawili kati ya hao watu walishatafuta mfuaji mwingine. Hajanisemesha tena. Darasani sijarudi.

Nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja, na sikuulizi kwa ubaya. Labda simu za watu wa Kangemi ni za bei ya chini, ndiyo sababu. Wewe uliiona kwa simu gani?

Dadako,
Kaindi

*

Nairobi, 25 Machi 2025

Dada yangu Kaindi,

Sijui nianze na salamu gani, kwa hivyo naenda moja kwa moja.

Sikuiona. Sikufungua ile ya shule, wala ile ya kuku. Niliandika "nzuri" nikaendelea na shughuli zangu.

Barua yako niliisomea ofisini, nikatoka nikasimama kwenye ngazi nikaifungua kwa simu yangu. Yote Nanyama aliyoyasema ni kweli, na simu yangu si ya bei ya chini. Makosa yenyewe ni ya kawaida ya anayeanza. Hamkuweka ule mstari wa kuiambia simu ijipime kwa upana wake. Picha mliipa ukubwa wa kompyuta. Maandishi meupe yanahitaji rangi nzito nyuma yake. Namba ya simu mliiandika, lakini hamkuifanya linki ya kupiga. Ningekuwa nimeyaona hayo kabla chai haijapoa.

Ningesema nilikuwa na kazi nyingi, ungenielewa. Lakini hapa ofisini kuna vijana wanaojifunza, na kazi zao nazisoma mstari kwa mstari. Nawaandikia: hapa umekosea, hapa jaribu hivi, hapa umefanya vizuri kwa sababu hii. Wao nawaona kama watu wanaokwenda mahali. Wewe nilikuona dada yangu aliyekuwa anafanya kazi za nyumba Kitisuru, anayepitisha wakati kanisani. Sikuamini kwamba kazi yako ingemfikia mtu yeyote. Hilo ndilo linalonichoma kuliko uongo wenyewe.

Wewe uliniomba nikuambie ukweli, nami nikakupa pongezi ili uniondokee. Nisamehe. Na kama huwezi, nitaelewa.

Mdogo wako,
Masila

*

Nairobi, 12 Aprili 2025

Dada Kaindi,

Natumai mko salama. Hujajibu, na sikulaumu.

Leo nimekuja Kangemi. Kwako sikubisha hodi, niliogopa. Niliuliza mpaka nikampata Nanyama, alikuwa anaanika nguo kwenye ua wa ploti yao.

Aliniangalia viatu kwanza. "Ni wewe ule wa ofisi?"

"Ni mimi."

"Na uliona kazi yetu?"

"Sikuona. Kaindi hakukudanganya. Mimi ndiye nilimdanganya yeye, na yeye akaniamini."

Aliendelea kuanika kama hajasikia. Shuka lilipokwisha akasema, "Nilimwita muongo mbele ya wazazi wote."

"Najua."

"Sasa mbona unaniambia mimi? Kamwambie yeye."

"Nimemwambia. Hanijibu."

"Hata mimi akiniona njiani anapita upande ule mwingine," akasema. Kisha akaniuliza kama ule mstari wa kuiambia simu ijipime unawekwa juu ama chini. Tulikaa kwenye ndoo mbili zilizofunikwa, nikamwonyesha kwenye simu yake. Amesema hahitaji pole yangu, anahitaji kujua. Niliondoka bila kuomba chai.

Nimekutumia marekebisho yote kwa barua nyingine, pamoja na ya ukurasa wa kuku. Huo wa kuku una kichwa kizuri. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mdogo wako,
Masila

*

Kangemi, 9 Juni 2025

Masila mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Hujambo? Sisi hatujambo.

Nilikuwa na hasira nyingi. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu ya kukaa kimya, na hiyo nayo ikachukua wiki zake.

Siku ile uliyokuja, jioni yake Nanyama alisimama mlangoni kwangu. "Ule kijana wenu amenieleza," akasema, akaingia, akala. Hatujarudi tulipokuwa, lakini alinifuata Jumamosi tukaenda darasani pamoja. Tuliufanyia ukurasa yale yote uliyoandika, sasa unakaa ndani ya simu. Tulimpelekea Veronicah. Alikuwa ameshampa kazi mtu mwingine.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Darasa jipya limeanza, na Odhiambo ametuomba tuwakosoe wanaoanza. Mimi nilipewa Mama Wamucii, anayeuza mboga ya sukuma sokoni, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alikuwa amevaa nguo za Jumapili kuja kunionyesha ukurasa wa mboga zake. Picha zilikuwa zimepandana, maneno mekundu juu ya kijani. Akanitazama. Na mimi, Masila, nikamwambia, "Nzuri sana, mama."

Nilikwenda nyumbani na neno hilo. Miezi hii yote nilijua ulisema "nzuri" kwa sababu ulinidharau. Mama Wamucii simdharau. Niliupenda ule uso wake, na nilikuwa nimechoka. Lakini nilipojichunguza vizuri nikakuta na lile lingine pia, lile uliloniandikia. Nilikuwa nimejiambia, huyu ameshazeeka, atakwenda na huo ukurasa wapi? Nililia kidogo hapo, sikujua ni kwa ajili ya nani.

Asubuhi nikamfuata sokoni. Nikamwambia, "Mama, jana nilikudanganya. Ule ukurasa una makosa."

Hata hakuacha kukata sukuma. "Najua. Si nauona kwa simu yangu kila siku? Nilikuwa nangoja mtu aniambie unatengenezwaje."

Basi nikakaa kwenye kreti tukaanza. Yeye akihudumia wateja, mimi nashika simu. Tumebadilisha ile rangi nyekundu, sasa maneno yanasomeka. Lakini picha zinazopandana nimejaribu, Nanyama naye amejaribu, zimetushinda, na nimemwambia Mama Wamucii hivyo hivyo kwamba sijui.

Usiniandikie jibu. Njoo Jumamosi. Ukifika sokoni uliza anayeuza sukuma karibu na wenye viazi, utatukuta tumekaa naye.

Dadako,
Kaindi