Simu ya Kalemie

Jumatatu, 3 Juni
Tunatoboa kuta tangu asubuhi. Ofisi ya Nyalukemba, ghorofa mbili. Vumbi la saruji limejaa mdomoni. Mimi navuta waya, Papa Deo, fundi mkuu, anafunga simu mezani. Simu hizi hupita kwenye intaneti. Kufikia Ijumaa simu zote ziwe zinaongea, pamoja na ile ya ofisi yao ndogo ya Kalemie.
Kalemie ndiko kwetu. Baba anaumwa huko. Tangu jana simu ya kaka imezimwa.

Jumanne, 4 Juni
Umeme umekatika. Tumekaa tu. Kaka hapatikani. Sihisi kitu. Nimekula sombe, nimelala.

Jumatano, 5 Juni
Tumejaribu Kalemie. Imelia, imepokelewa, halafu kimya. Wao wametuandikia WhatsApp kwamba wanatusikia vizuri. Sauti inaenda, hairudi. Papa Deo anahangaika na kompyuta, mimi nimewekwa na simu sikioni, nahesabu moja, mbili, tatu. Maman Aline, katibu, amepita.
"Tonton, sasa unalipwa kwa kusema peke yako?"
Wamecheka. Nimecheka pia.
Anayepokea kule ni Shabani, mlinzi. Nyumba yao na yetu zinatazamana. Nimeacha kuhesabu, nimesema: "Shabani, muzee wangu iko namna gani?" Kimya. Nimengoja waandike. Wameandika kwamba wananisikia. Basi. Kuhusu baba, hakuna.

Alhamisi, 6 Juni
Ruta ya intaneti ya hapa ndiyo iliyokuwa inazuia sauti inayoingia. Papa Deo ameirekebisha. Sauti imekuja safi, hata jogoo wa kule nimemsikia.
"Allô, ndugu," Shabani amesema. "Muzee anaumwa kidogo tu. Omba ruhusa, ukuje."
Nimesema anitafutie kaka.
"Kaka iko na watu. Wee ukuje tu."
Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Anaitwa kwa maneno hayo. Nimeyatumia mimi mwenyewe kumwita shangazi, mama alipofariki.
Papa Deo ameuliza kama inasikika. Nimejibu inasikika vizuri. Nimeenda kufagia vumbi.

Ijumaa, 7 Juni
Simu zote zimeongea. Mkubwa wa ofisi ameipigia Kalemie, amecheka nao muda mrefu. Nimejisikia vibaya, lakini kwa mbali, kama si mimi.
Jioni nimeomba ruhusa. Nimemwambia Papa Deo baba anaumwa kidogo. Amevua kofia. Naye ni mtu wa huku, anayajua maneno hayo.
"Pole sana, tonton. Nenda."

Jumamosi, 8 Juni
Nyangezi, njiani. Gari la Uvira limetoboka gurudumu. Kutoka Uvira nitapanda boti ya Kalemie. Abiria wanamgombeza dereva. Mimi nimekaa kwenye nyasi. Nikifika watanipa kiti, watanipa maji, halafu kaka atasema. Maman mmoja amenigawia ndizi. Nimekula. Sina haraka. Watengeneze polepole.