Diski ya Nyimbo za Mama

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kazini? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Diski ya kompyuta yenye nyimbo za marehemu mama yako imeanza kugonga-gonga kwa ndani, naona siku zake zinahesabika. Nimenunua mpya. Unakumbuka alivyokuwa akiimba pale studio yetu, nami namkaripia asipige mguu sakafuni? Siku zile jamani! Nataka kuzinakili nyimbo zote kwenye diski hiyo mpya, kwa kutumia ile kompyuta yetu, mashine ya kuandika amri. Nielekeze polepole, ujana umenipita.

Baba yako

10 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Mimi salama, ila huo mguu wa Mama umenitoa machozi jikoni.

Sasa nisikilize. Mashine haijui diski ipi ni ya Mama. Inaziita sdb na sdc kwa kufuata ipi imeiona kwanza ilipowaka. Ukiizima na kuiwasha, majina yanaweza kupishana. Kwa hiyo andika njia ndefu, yaani jina refu la diski, lile lenye namba iliyobandikwa mgongoni mwake. Namba hiyo haihami. Ukigeuza inakotoka na inakokwenda, amri haikuulizi mara mbili, inafuta kimya kimya kilichokuwamo. Tafadhali Baba, nakujua kwa ubishi.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hata hamu ya salamu sina. Namba ile ilinichosha macho, nikaandika sdb kwenda sdc. Ikafanya kazi asubuhi nzima, vizuri tu. Mara umeme ukakatika kabla haijamaliza. Uliporudi nikaiita amri ileile, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai huku najisifu. Maji hayajapata moto, nachungulia, kumbe majina yamepishana! Diski mpya inamiminwa juu ya mama yako. Nikachomoa waya kwa mikono miwili. Nimekutumia diski zote mbili. Nimemfuta mama yako, mwanangu. Hata studio siingii tena.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Unalala kweli siku hizi? Basi leo lala. Nimezikagua zote mbili. Ile asubuhi nzima, nyimbo nyingi zilikuwa zimeshaingia kwenye diski mpya. Haikuwa tupu tena. Uliporudia amri, mashine ilianza tena mwanzo, ikachukua nyimbo zilezile ikazirudisha palepale pake, nawe ukachomoa waya hata haijafika pale nakala ya asubuhi ilipokomea. Kilichomiminwa juu ya Mama ni Mama mwenyewe. Hakuna kilichopotea, Baba, hata pumzi yake.

Nimeshanakili upya, kwa njia ndefu. Nilisikiliza wimbo mmoja nikashindwa kuendelea, nimemkumbuka mno. Nyingine siwezi peke yangu. Nakuja nazo Jumamosi tuzisikilize sote, na wewe usiguse kitu.

Binti yako