Kisanduku cha Kuponi cha Janine

Weirton, West Virginia
6 Machi 1988

Mwanangu Delbert,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Corinne. Mimi nipo. Magoti ndiyo yananisumbua theluji ikianguka, lakini ngazi bado napanda mwenyewe, kwa hiyo usianze habari za daktari.

Juzi kwenye simu ulisema mmekula piza tena. Nilinyamaza kwa sababu simu ni ghali, ila kwenye karatasi sinyamazi. Mtoto wa miaka tisa kama Corinne halelewi kwa piza, Delbert. Unapika lini?

Siku ya mazishi ya mkeo Janine nilikiona kile kisanduku chake cha bati, cha kuponi za kupunguziwa bei dukani, juu ya friji. Najua hutaki kukigusa. Mimi mwenyewe nilikigeuzia mgongo. Lakini kuponi zina tarehe, na tarehe ikipita keshia anakurudishia karatasi yako mbele za watu. Marehemu alizikata kwa mkono wake ili ninyi mle. Zitumieni.

Fanya kama ninavyofanya mimi. Mwaga zote mezani, uzipange kwa tarehe, zinazokaribia kufa mbele, zenye uhai nyuma. Unakumbuka wakati wa mgomo wa kiwandani? Jumapili tukitoka kanisani baba yako anasoma habari za besiboli, mimi nimesimama nyuma yake nasubiri amalize nimnyang'anye gazeti nikate kuponi. Wewe nilikupa mkasi butu, ukawa unawakata pua watoto wa kwenye picha za sabuni. Nyumba nzima inanuka wino na kabichi. Hatukuwa na kitu, lakini ile meza naiota mpaka leo.

Nimekutilia kuponi za maharagwe na tambi nilizokata jana. Mbusu Corinne. Mbwa naye mpapase.

Mama yako


Fort Wayne, Indiana
16 Machi 1988

Mama mpendwa,

Habari za magoti? Sisi wazima wa mwili. Kuponi zimefika, asante.

Nilifanya ulivyosema. Jumamosi Corinne alikuwa kwa rafiki yake, nikateremsha kisanduku nikamwaga zote. Ndani mlikuwa na kadi za rangi, kijani, njano, pinki, zimetenganisha mafungu, hazina hata neno moja. Sikuona maana yake. Supu ilikaa pamoja na karatasi za chooni! Nikazipanga zote kwa tarehe, nikafurahi kama mjinga.

Corinne akarudi, akafungua, akachungulia. Akaniambia, "Umemvuruga Mama." Akaingia chumbani kwake.

Tangu hapo hasemi nami. Shuleni anaongea, mwalimu anasema hana shida yoyote. Nyumbani anaongea na mbwa. Jana nilipokuwa jikoni alimwambia, "Biskit, mwambie yule mtu nyama inaungua." Na kweli ilikuwa inaungua. Nikamwambia mbwa amwambie samahani. Akasema, "Biskit, usimjibu."

Ningecheka, Mama, kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine. Nimejaribu kurudisha zile kuponi zilivyokuwa, sikumbuki hata moja. Mama yake ameshaondoka, sasa naona na huyu anaondoka huku nimeketi naye meza moja. Nifanye nini?

Mwanao Delbert


Weirton
21 Machi 1988

Delbert, mwanangu,

Pole. Pole sana, baba. Hata hali sikuulizi, nimeisoma. Wilma jirani ndiye aliyenisaidia maneno magumu, na alipofika pale pa mbwa tulicheka, halafu tukalia.

Kosa ni langu. Mimi napanga kwa tarehe kwa sababu shule niliiacha mapema, tarakimu nazisoma upesi kuliko maneno. Ni njia yangu tu, nami nikakupa kama amri ya kanisa. Wilma anapanga kwa alfabeti kwenye boksi la viatu. Shangazi yako Faye alipanga kwa mlaji: hizi za mume, hizi za watoto, hizi za paka. Kila mwanamke ana yake, na ukiingiza mkono kwenye kisanduku cha mwenzio umeingia chumbani kwake.

Sasa nisikilize. Ile Siku ya Shukrani mliyokuja huku, nilikwenda na Janine dukani kwetu. Mkeo alipotea humo! Anashika kadi ya kijani anatafuta mboga, mboga haziko. Akaniambia, "Mama Opal, duka lenu limegeuzwa." Nikamcheka. Leo ndiyo naelewa. Alipanga kwa njia ya duka la kwenu huko, rafu kwa rafu, kuanzia mlangoni. Ndiyo maana supu ilikaa na karatasi za chooni. Nenda katazame, utakuta ni majirani.

Lakini usiende ukapange tena wewe! Keti, mikono mfukoni. Corinne amemfuata mama yake humo tangu anakaa kwenye kile kiti cha watoto cha toroli la dukani. Mchukue dukani, kuponi zote zikiwa zimechanganyika, yeye atangulie. Wewe sukuma toroli na ufunge mdomo.

Niandikie upesi.

Mama yako anayekuwaza


Weirton
11 Aprili 1988

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila tarishi sasa akiniona dirishani anatikisa kichwa kabla hajafika getini, naona hata aibu. Umenikasirikia? Una haki. Au Corinne anaumwa? Nilitaka kupiga simu, nikaogopa angepokea yeye akanyamaza. Hapo moyo wangu usingestahimili.

Andika hata mstari mmoja.

Mama


Fort Wayne
17 Aprili 1988

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa ukimya. Tuko salama, na wala sijakukasirikia. Nilikuwa sina la kukuambia. Kila Jumamosi nilimwalika dukani, na kila Jumamosi Biskit aliambiwa aniambie hapana.

Jana alivaa koti mwenyewe akaenda kuketi kwenye gari.

Nilimwaga kuponi zote kwenye kiti cha toroli, kadi za rangi juu. Tukasimama mlangoni. Akafungua mdomo amtafute mbwa, na mbwa tumemwacha nyumbani. Akanitazama, akatazama chini, nami nimefunga mdomo kama ulivyoagiza, jasho linanitoka. Mwisho akasema, "Kulia."

Nikaenda kulia. Akachukua kadi ya kijani, akatafuta kuponi za mboga na matunda, akazitia nyuma ya kadi. Tukaingia rafu ya pili. "Njano." Supu upande huu, Mama, na karatasi za chooni ng'ambo yake! Tulizunguka duka zima hivyo, watu wanatupita wanatukasirikia. Kwenye nafaka za asubuhi akaniambia, "Baba, unasukuma kama kobe." Baba! Nilijifanya nasoma boksi mpaka macho yakakauka.

Ikabaki moja mkononi mwake. Ya rangi ya nywele, nyekundu, ile ya Janine. Nikasema tuihifadhi. Akasema, "Inakwisha mwezi huu." Akaenda akaiweka rafuni, chini ya pakiti yenyewe. Akanieleza kwamba mama yake aliziacha hivyo zote wasizozihitaji, mtu akija azikute. Nikasimama nione nani ataichukua. Akanivuta mkono: "Twende, Baba. Huruhusiwi kutazama."

Amelala sasa. Kesho tunapika nyama ya kusaga, kasema nisiiguse.

Mwanao Delbert


Weirton
24 Aprili 1988

Wanangu Delbert na Corinne,

Nimeisoma barua mwenyewe, bila Wilma, nikachukua mchana mzima, na sikutaka iishe.

Kumbe nywele za Janine zilikuwa za kupaka rangi? Miaka yote hiyo nawaambia watu kanisani mkwe wangu ana nywele nyekundu za kuzaliwa, nikaapa na kuapa! Janine alikuwa akinisikia, anatabasamu tu. Ah, yule mtoto. Namkumbuka.

Jumapili hii nilipokata kuponi, mkasi ukakata na ya rangi ya nywele. Sikuijua nia yangu. Nikaipeleka dukani kwetu, nikaiweka chini ya pakiti kama Corinne alivyofanya, nikaondoka.

Corinne, mjukuu wangu, usimkasirikie bibi yako. Mimi nilitazama nyuma. Akaja mwanamke mwenye mvi nyingi kuliko mimi, akaiona, akageuka huku na huku kama mwizi, akaitia mfukoni. Alipofika kwa keshia na ile pakiti alikuwa anaimba.

Mama yako, bibi yako