Vidole vya Bendi ya Usharika

Jumapili, 2 Julai 1995
Ibada bila matarumbeta. Stoo ya bendi imeibiwa! Kioo cha dirisha kimetolewa kizima, kimeegemezwa ukutani. Ala zote hazipo ila tuba – haikupita dirishani. Mwalimu Gidioni, kiongozi wetu, akaanzisha wimbo kwa mdomo mtupu. Tulipotoka nje jina lilishapatikana: Theodory, mpiga tuba. Ana ufunguo, anakunywa pombe ya mbege. Nikauliza, mwenye ufunguo atoe kioo kwa nini? Nikaambiwa huo ndio ujanja wenyewe. Mama yake Theodory aliondoka peke yake. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumatatu, 3 Julai
Mpelelezi amekuja kutoka mjini – mwanamke! Sajenti Bernadetha, gambuti miguuni na sanduku mkononi. Aliwatoa wote stoo, hata mchungaji. Akataka mtu wa kushika tochi. Mimi nilikuwa mlangoni.
Akapaka unga mweusi kwenye kile kioo, kwa brashi laini, taratibu. Vidole vikatokea! Mistari, mizunguko, kama mtu aliyekuwa amejificha humo ndani. Akavibandua kwa selotepu. Nilisahau baridi, nikasahau na chakula cha mchana.

Jumanne, 4 Julai
Bendi nzima tumepakwa wino. Sajenti alinipa kazi ya kuviringisha vidole vya watu kwenye karatasi, nisikandamize. Mwalimu Gidioni aliuliza kama wino utatoka kabla ya Jumapili. Mkono wa Theodory niliushika vizuri zaidi. Watu wamejaa dirishani wanatuchungulia.
Kisha Sajenti akanipa lenzi. Nitazame mwenyewe, nisimsikilize yeye. Mistari ya Theodory inapinda na kurudi ilikotoka. Ya kwenye kioo imezunguka kama maji yanayoingia shimoni. Nikarudia. Nikarudia tena. Si yake. Wala si ya yeyote kati yetu.
Sajenti alisema wataalamu wa Dar nao wataangalia. Lakini hakuwasubiri. Alitoka nje akasimama mbele ya watu.
“Vidole vya kwenye kioo si vya Theodory.”
Mama yake akakaa chini kwenye majani, anacheka huku analia.
Nataka kazi hii.

Jumatano, 5 Julai
Nilimwambia Sajenti kabla hajateremka mjini. Hakunipambia maneno. Kwanza uwe askari wa kawaida, tena usubiri kuchaguliwa. Na kesi ya matarumbeta ni bahati – siku nyingi ni maiti. Waliogongwa barabarani. Watoto pia. Siku yake ya kwanza alitapika ndani ya kofia yake.
Nikasema bado nataka.
Nyumbani, Mama kasema mkono uliogusa maiti hautamenya ndizi za mtori wake. Baba alishaniombea nafasi chuo cha ualimu. Aliponisikia aliinuka. Akaenda kumkatia ng'ombe majani, na majani yalikuwepo.

Jumamosi, 8 Julai
Ala zimepatikana! Huko Himo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliyemuuzia kakamatwa, na vidole vyake ndivyo vile. Mwalimu Gidioni alikimbia kutuambia. Sikujua anaweza kukimbia.

Jumapili, 9 Julai
Tumepiga! Trombone moja imebonyea, inalia kama ndama, na hakuna aliyejali. Theodory alipuliza tuba mpaka madirisha yakatikisika. Walewale wa Jumapili iliyopita wakampelekea mama yake maziwa. Aliyapokea. Hakuwakaribisha kukaa.
Jioni hii Baba kaja jikoni. Akavuta kigoda, akauliza Theodory nilimfanya nini hasa. Nikampa glasi aishike. Nikasaga masizi, nikayapaka kwa unyoya wa kuku, nikabandika selotepu.
Dole gumba lake halikutoa mstari hata mmoja. Jembe na kahawa vimeifuta yote.
“Kwa hiyo mimi sina alama?”
Nikamwambia zipo, huku pembeni, zinataka mtu mwenye subira. Nikamwonyesha. Aliinamia mwanga, akatazama muda mrefu. Nikajikaza nikauliza: na chuo cha ualimu, Baba?
Aliifuta ile glasi kwa shati lake la kanisani, akaikamata kwa mkono wa kushoto, vidole vyote.
“Jaribu na huu.”