Udongo Kutoka Kasai

Kazi moja, 7 Oktoba 1957
Tunachimba biazi tangu asubuhi. Agronomo, bwana shamba wa serikali, anakuja siku ya kazi tano kupima. Akikubali, kamioni inavuka mupaka, biazi binauzwa Rodezia. Akikuta ugonjwa ku shina moja tu, shamba yote inafungwa na sisi tunafukuzwa, nyumba na kazi pamoja. Mi ni kapita, musimamizi wa batu ya shamba. Ile sheria niliwasomea batu mi mwenyewe: hakuna kuleta mumea wala udongo wa inje.

Kazi mbili, 8 Oktoba
Bilinganya ya mama mukwe imelala, majani yananyauka. Aliileta na treni kutoka Kasai wakati mutoto wetu alizaliwa. Kwao ni desturi: nkambo, bibi ya mutoto, analeta muche na udongo wake wa nyumbani, unapandwa nyuma ya jiko, maji ya kuoga mutoto yanamwagwa pale. Mutoto apate mizizi.

Niliona, nikanyamaza. Nani atamwambia mukwe wake zawadi yake ni makosa?

Nimekata shina, nimelitia mu glasi ya maji, vile agronomo alitufundisha. Uzi mweupe umeshuka sawa maziwa. Ni ule ugonjwa wenyewe, wenye kuua biazi pia. Na mufereji wa jiko letu unateremuka mu biazi.

Kazi tatu, 9 Oktoba
Nimeung’oa ule muche. Nimeuchoma na udongo wake. Mama mukwe alitazama tu, hakula jioni. Muke yangu aliniambia: “Baba Mbuyi, umechoma mutoto wako.”

Nikamwambia: afazali hivyo kuliko kulala barabarani naye.

Kazi ine, 10 Oktoba
Kila jani lenye kuinama kwa jua nalishika, narudi tena kulishika. Batu ya shamba banacheka, eti kapita anabembeleza biazi.

Kazi tano, 11 Oktoba
Agronomo alikata mashina huku na huku. Mi ndiye nilishika glasi. Kila mara nilifunga macho.

Maji yalibaki safi. Yote. Akanipiga bega, kamioni ikaondoka. Nilienda nyuma ya magunia, nikalia.

Siku ya Mungu, 13 Oktoba
Mama mukwe amerudi kwao. Ku gari ya moshi alinishika mukono, akasema kitu mu Kiluba, muke yangu akatafsiri: nisihuzunike, mutoto hatakosa mizizi. Eti siku ile ya kufika aligawia bamama ya kambi yetu ya kazi miche mingine. Kila mumoja na udongo kidogo mu kopo.

Nimerudi mbio, nimepita nyuma ya majiko. Iko kwa Mama Ilunga. Iko kwa katekista. Iko karibu kila mulango, imepandwa vizuri, inamwagiliwa. Mingine imeanza kuinama. Na mvua ya kwanza imenyesha mchana, mifereji yote inakimbia kule chini, ku biazi byetu na ku muto wenye kumwagilia mashamba ya ng’ambo.

Ningeweza kunyamaza tena. Agronomo atarudi mvua ikiisha. Lakini mwenye kuficha maradhi, kilio kitamuumbua, na hapa kilio hakitakuwa changu peke yangu.

Kesho naenda kwa muzungu mwenye shamba, kumwambia yote. Nimemwambia muke yangu. Amefunga mutoto ku mugongo, ameanza kuosha masufuria na kuyapanga mu gunia.